Kasoro Asiyoiona Mnunuzi

Mwenye gari hulijua gari lake kuliko yeyote atakayekuja kulinunua. Anajua liligongwa lini, lilianza lini kula oili, na mlio unaosikika upande wa kushoto likivuka tuta unatokana na nini. Mnunuzi huja kwa saa moja, pengine na fundi aliyemlipia nauli. Hulizunguka, hufungua boneti, huliendesha hadi barabara kuu na kurudi. Katika pengo hilo la ujuzi limezaliwa swali lililo kongwe kuliko magari yenyewe: anayeijua dosari iliyojificha katika kitu anachouza, anadaiwa kuisema, au yatosha kwamba hakutamka uongo?

Swali hili huwa zito zaidi kwa gari la familia la kifahari, lile la ukubwa wa kati lenye viti vya ngozi mbele na watoto watatu nyuma. Bei yake ni akiba ya miaka, na wengi wa abiria wake hawakuwapo siku ya mapatano. Mfano unaofahamika Afrika Mashariki ni Toyota Harrier, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1997 na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Toleo la pili lilitoka 2003, lile ambalo vijiwe vya Dar es Salaam vimelibatiza tako la nyani. La tatu lilifuata 2013 na la nne 2020. Sehemu kubwa ya Harrier zinazoonekana Dar es Salaam zilishuka bandarini zikiwa zimeshatumika Japani, na baada ya hapo zimepita mikono miwili au mitatu. Kila mkono ulijua jambo ambalo mkono uliofuata haukulijua.

Cicero, mwanasheria na mwanafalsafa wa Roma, aliliandika swali hili mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake kuhusu wajibu. Mfanyabiashara mwema amepakia nafaka Alexandria na kufika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameziona meli nyingine nyingi za nafaka zikielekea huko huko. Awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na auze kwa bei ya njaa? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili wa shule ya Stoa. Diogenes wa Babeli anaona muuzaji anadaiwa kutaja dosari ambazo sheria imemtaka azitaje na kutotia hila katika mengine, basi. Mali ni yake na bei nzuri ni haki yake. Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarso, anaona watu wameumbwa wafaane, hivyo mnunuzi asiachwe gizani juu ya jambo ambalo muuzaji analijua. Kisha Cicero anatoa mfano wa nyumba inayopendeza kwa nje, ambayo mwenyewe peke yake ndiye anayejua kuwa vyumbani mna nyoka na mbao zimeoza. Yeye anaamua upande wa Antipater. Kipimo chake ni nia na faida: mtu ameficha pale anapokusudia mwenzake abaki bila kujua jambo linalomhusu, ili yeye apate.

Mifano hiyo miwili haifanani, na aliyeitenganisha vizuri ni mwanatheolojia Mkristo Thomas Aquinas katika karne ya 13. Nafaka ya Rhodes haina dosari yoyote. Kitakachobadilika ni bei, na hilo ni jambo la kesho. Kwa Aquinas, haki haimlazimishi mfanyabiashara kulitangaza, ingawa akilitangaza amefanya jambo la fadhila zaidi. Nyumba yenye nyoka ina ubovu leo, ndani yake. Kwa msingi huo, muuza gari anayehisi kwamba bajeti ya Juni itapunguza ushuru wa magari hadaiwi kumwambia mnunuzi asubiri. Akijua kwamba gia boksi hupiga teke ikishapata moto, hilo ni deni.

Fiqhi ya Kiislamu imelijibu swali kwa tukio la sokoni. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye chakula akaeleza kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini kilicholoa hakukiweka juu watu wakakiona, na ikafuata kauli kali inayomtenga mdanganyifu na jamaa ya waumini. Muuzaji yule hakuwa ametamka neno lolote la uongo. Kosa lake lote lilikuwa katika kulipanga lundo. Hadithi nyingine inakataza kumfunga chuchu ngamia au kondoo na kuacha kumkamua siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo ana hiari baada ya kumkamua: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyatumia. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi pwani ya Afrika Mashariki, waliifanya hukumu hii kuwa mlango wa kila hila inayokipa kitu sura ya uzima kisichokuwa nao.

Hila hizo katika magari ni nyingi na zinajulikana. Iliyo maarufu ni kurudisha kilomita nyuma, kazi ambayo siku hizi hufanywa kwa kompyuta ya mkononi bila kufungua skrubu nyingi. Dashibodi ikisoma kilomita 68,000 huku raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma, ngozi ya usukani imekuwa laini ya kung'aa pale mikono inapokaa, na ukingo wa kiti cha dereva umepasuka upande wa mlango, gari lenyewe linaipinga dashibodi. Nyingine ni ya oili. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa katika Harrier nyingi za toleo la pili, inafahamika kwa mafundi kwamba baadhi yake hula oili ringi za pistoni zikishachoka. Muuzaji anayelijua hilo huijaza oili asubuhi ya siku ya maonyesho, na wa hila zaidi huweka oili nzito au dawa ya kuizidisha uzito ili moshi wa bluu usionekane kwa siku chache. Hapo kiwele kimefungwa, sawasawa na yule kondoo. Mnunuzi ataona ukweli baada ya wiki mbili, kijiti cha kupimia oili kitakapotoka kikavu.

Wauzaji wengi hujikinga kwa maneno mafupi: gari ndilo hili, nauza kama lilivyo. Sharti hilo si geni kwa fiqhi, na mabishano juu yake ni miongoni mwa sehemu zenye utajiri mkubwa katika sheria za biashara. Imamu Malik amepokea katika kitabu chake, Muwatta, kwamba sahaba Abdallah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa dosari. Mnunuzi akarudi akidai kuwa mtumwa yule ana maradhi ambayo hakutajiwa. Kesi ikafika kwa Khalifa Uthman, naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuwa na maradhi yoyote anayoyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua tena mtumwa wake, na alipopona akamuuza kwa dirhamu 1,500. Sharti la kujivua halikutupwa. Lilifungwa kwenye kiapo cha kutojua, na hiyo ndiyo mipaka yake ya haki.

Miongoni mwa madhehebu ya fiqhi, Wahanafi wanalipokea sharti hilo kwa upana. Washafii, katika kauli yao yenye nguvu, wanalikubali katika jambo moja tu: dosari ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua. Sababu yao ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hugeuka, na ni nadra kuwa salama na ila iliyo ndani ya mwili wake. Nguo hukunjuliwa, nyumba hukaguliwa, kwa hiyo mwenye kuviuza hana udhuru huo. Hata Roma ya kale iliwatenga wanyama na watumwa: maofisa wa masoko waliwalazimisha wauzaji wao kutaja maradhi na kasoro, na mnunuzi aliyefichwa alikuwa na miezi sita ya kudai kurudisha.

Je, gari lililotumika ni la kundi la mnyama au la kundi la nguo? Hoja ya kulihesabu pamoja na mnyama ina nguvu. Gari lina viungo vilivyofungwa visivyoonekana, huchakaa kimyakimya, na laweza kutoka nyumbani zima likakwama njiani kwa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwenye gari aliyelitunza vizuri anaweza kuuza kwa moyo safi gari litakaloharibika baada ya mwezi, na haitakuwa haki kumwita mdanganyifu.

Hata hivyo gari lina kitu ambacho mnyama hana: kumbukumbu iliyoandikwa. Katika minada ya Japani mkaguzi hulipa kila gari karatasi yenye alama, kwa mfano 4.5, 4 au 3.5, na herufi R kwa lililowahi kugongwa na kukarabatiwa. Juu ya mchoro wa bodi huandikwa A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, W kwa sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX kwa paneli iliyobadilishwa. Hati ya ukaguzi wa lazima wa Japani nayo huandika kilomita. Kompyuta ya gari hutunza misimbo ya hitilafu, na gereji nzuri hutunza daftari la sevisi. Gari lenye alama R lililonunuliwa mnadani kwa bei ya chini, likapigwa rangi na kuuzwa Dar es Salaam au Mombasa kwa bei ya lisilogongwa, halikutoka mikononi mwa mtu asiyejua. Alikuwa na karatasi, na karatasi hiyo haikufika kwa mnunuzi. Kwa hiyo gari linakaribia kundi la mnyama pale tu ambapo hakuna kumbukumbu wala kipimo ambacho muuzaji angeweza kukipata bila taabu. Kwingineko kote linahukumiwa pamoja na nguo, na maneno ya kuuza kama lilivyo hayamfunikii aliyejua, wala aliyejizuia kwa makusudi asijue.

Dosari isiyojulikana kwa kweli ipo. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliwekwa katika magari ya watengenezaji wengi kabla haijafahamika kwamba kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu, kiasi kwamba mfuko ukifumuka huweza kurusha vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa yarudi kurekebishwa, na Takata iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2017. Aliyeuza gari la namna hiyo kabla habari hazijaenea hana lawama. Anayeuza leo anaweza kulitafuta gari lake kwa namba ya chasisi katika orodha za watengenezaji, na katika hali ya hewa ya Tanga au Mombasa uangalizi huo si wa kupuuzwa.

Hapa ndipo hoja ya Aquinas inapofika mahali penye uzito kuliko pote. Anatofautisha kasoro iliyo wazi na iliyofichika. Iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima itangazwe, mradi bei ipunguzwe kwa kadiri yake, kwa sababu muuzaji naye ana haki ya kujilinda na mnunuzi atakayeitumia kushusha bei kupita inavyostahili. Iliyofichika, ikiwa inaleta hasara au hatari, lazima isemwe, na kuinyamazia ni dhambi. Hasara na hatari zinastahili kutenganishwa zaidi ya alivyofanya yeye. Hasara ni ya mfukoni mwa mnunuzi, naye mtu mzima anaweza kukubali kuibeba: akiambiwa kwamba shokapu za nyuma zimekwisha na bei ikashuka, jambo limemalizika. Hatari katika gari la familia huwaangukia watu ambao hawakuulizwa. Mtoto wa miaka sita aliyekaa nyuma hakupatana bei wala hakupewa punguzo. Baba hana mamlaka ya kumsamehe muuzaji kwa niaba ya mbavu za mwanawe.

Kwa sababu hiyo kuna dosari ambazo hata kuzitaja hakutoshi. Gari likishagongwa na mifuko ya hewa ikafumuka, kuweka mipya ni gharama kubwa, na wapo wanaobandika vifuniko vitupu juu ya usukani na dashibodi, kisha wakaunganisha waya wa taa ya onyo na taa nyingine ili zizimike pamoja. Fundi mwangalifu huwasha swichi bila kuwasha injini na kutazama: taa ya mifuko ya hewa inapaswa kuwaka yenyewe, ikae sekunde chache, izimike peke yake. Gari la namna hiyo, au lenye fremu iliyounganishwa kwa kuchomelewa katikati, au lenye mikanda ya nyuma isiyofunga, halifai kuuzwa kama gari la abiria hata kwa bei ya nusu. Litengenezwe kwanza, au liuzwe vipande. Hukumu hii ni kali na itamwumiza muuzaji maskini, lakini hakuna msingi wa kuihamishia hatari kwa asiyejua kuwa yuko hatarini.

Wajibu haumhusu muuzaji peke yake. Mwanazuoni Ghazali anasimulia kuhusu Wathila bin al-Asqa, sahaba wa Mtume, aliyekuwa amesimama mahali ngamia alipouzwa kwa dirhamu 300. Akili yake ilikuwa kwingine, na alipozinduka mnunuzi alikuwa ameshaondoka. Akamkimbilia nyuma akimwita, akamuuliza amemnunua kwa nyama au kwa safari. Alipojibiwa kwamba ni kwa safari, akamwambia kwato ya ngamia yule ina tundu, hatavumilia mwendo mrefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100, akimlalamikia Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila akajibu kwamba walimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Hakuwa na hisa katika biashara ile. Alijua tu, na kujua kukamfanya mdaiwa. Fundi aliyelifungua gari mara tatu na sasa anaitwa na mnunuzi kulikagua, na dalali anayechukua asilimia yake kwa pande zote mbili, wamekaribia zaidi ya Wathila, na udhuru wao ni mdogo zaidi. Swali lake nalo ni la kufuatwa: gari la safari za Dodoma kila mwezi na gari la kupeleka watoto shule mtaa wa pili hayahitaji uzima ule ule.

Madhara ya kunyamaza hayaishii kwa mnunuzi mmoja. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alionyesha, kwa mfano huu huu wa magari yaliyotumika, kwamba wanunuzi wasioweza kutofautisha zima na bovu hulipa bei ya katikati. Mwenye gari zima huona anapunjwa na kuliondoa sokoni, wastani wa ubora hushuka, bei hushuka tena, na mwisho yanayobaki ni mabovu. Kazi hiyo ilichangia Tuzo ya Nobel aliyoipata 2001. Methali ya kizuri chajiuza hukwama hapo, maana kizuri hakijiuzi pale ambapo macho hayawezi kukitambua. Yadi zenye akili zimeshalielewa jambo hili na huonyesha karatasi za mnada bila kuombwa. Mwanafalsafa Kant angesema yadi inayofanya hivyo kwa kulinda jina lake tu bado haijatenda kwa ajili ya wajibu. Kwa mwenye kununua gari, karatasi ni karatasi. Tofauti ya nia itajitokeza siku ambayo ukweli utakuwa na hasara na hakuna atakayejua.

Sheria za nchi haziendi mbali hivyo. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zimetokana na ile ya Uingereza ya 1893, ambayo hudai ubora wa kuuzika kwa muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani kwa kawaida hafungwi na sharti hilo, na mnunuzi aliyelikagua mwenyewe hawezi kulalamikia kilichopaswa kuonekana katika ukaguzi. Eneo linaloachwa wazi ni lile alilolitetea Diogenes, na ni katika eneo hilo magari mengi ya mkononi hubadilisha wenyewe.

Kununua gari jipya ni, kwa kiasi kikubwa, kununua njia ya kutoka katika swali hili. Waranti ni ahadi ya muuzaji kubeba hata asichokijua, na sehemu ya ile bei inayoonekana kubwa kupita kiasi ni malipo ya ahadi hiyo. Kuna pia njia ya murabaha, inayotolewa na benki za Kiislamu kama Amana ya Tanzania, ambako benki hulinunua gari kwanza na kumuuzia mteja kwa faida iliyotajwa. Mauzo haya fiqhi huyaweka katika fungu la amana, kwa kuwa mnunuzi anategemea kauli ya muuzaji juu ya gharama aliyoingia. Benki ikishakuwa mwenye mali, nayo imeingia katika wajibu wa muuzaji, na mteja ana haki ya kuuliza nani atabeba dosari itakayojitokeza kabla hajatia saini.

Dosari ya zamani ikigundulika baada ya mauzo, mnunuzi kwa Washafii ana hiari ya kurudisha gari na kuchukua fedha zake zote, au kubaki nalo kwa bei ile ile. Fidia ya tofauti huja pale kurudisha kunaposhindikana. Wahanbali humpa tangu mwanzo nafasi ya kubaki nalo na kudai tofauti, na kwa gari lililokwishalipiwa ushuru na kubadilishwa kadi njia yao ni nyepesi zaidi. Sharti la Washafii ni haraka: anayejua ubovu na kuendelea kuliendesha mwezi mzima amehesabiwa ameridhika. Matumizi ya kabla ya kujua ni halali yake, kwa kuwa kama gari lingeungua katika siku hizo hasara ingekuwa yake.

Limebaki jambo la aliyedanganywa ambaye muuzaji wake hapatikani, amezima simu au amehama mji. Kishawishi chake ni kulipiga rangi na kuliuza kwa bei aliyonunulia, akijiona amerudisha tu chake. Madhehebu hayamruhusu. Deni lake liko kwa aliyemuuzia, na mnunuzi mpya hakushiriki katika dhuluma ile. Ataliuza kwa kutaja dosari, kwa bei inayolingana nayo, na tofauti atamdai yule wa kwanza popote atakapomwona, yeye au warithi wake katika mali aliyoiacha.